Safari Yangu ya Kwenda Kuona Maonyesho ya Malori

Wenzangu wengi wameniomba niwaeleze habari za safari yangu ya Marekani, na kila mmoja alitaka kusikia juu ya theluji na majumba marefu. Theluji sikuiona, na majumba marefu niliyaona kwa mbali tu. Nilichokwenda kuona ni malori. Najua wengine watacheka, maana sisi tuliozaliwa upande wa Tororo, karibu na mpaka wa Malaba, tumeyaona malori tangu tulipokuwa tukibebwa mgongoni. Yanapita usiku na mchana, na mara nyingine foleni yao hukaa njiani siku nzima. Lakini msomaji akiwa na subira ataona kwa nini nilivuka bahari kwa ajili yao.

Marehemu baba yangu alikuwa dereva wa trela. Kazi yake ilikuwa kuchukua mizigo Mombasa na kuileta Kampala, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, kisha kurudi na mizigo ya huku kwetu. Alifariki mwaka 2016, nami nilikuwa na miaka 10. Alikuwa akienda Mombasa na shehena ya kahawa, na alipofika kwenye ule mteremko wa Salgaa, baina ya Eldoret na Nakuru, lori lilimshinda, likapinduka. Kila dereva anaujua mteremko ule, maana umekwisha kuua watu wengi.

Baada ya maziko kulikuwa na maneno mawili nyumbani kwetu. Mwenye lori alisema kwamba baba aliteremka "fri", yaani alitoa gia ili lori lijiendee lenyewe pasipo kula mafuta; basi kosa lilikuwa lake, na jamaa zake hawakuwa na haki ya kupewa kitu. Mama alisema kwamba breki zilikuwa mbovu, na kwamba baba alikuwa amezilalamikia zaidi ya mara moja. Mtu mmoja tu angaliweza kukata shauri hili, naye ni Baba Mdogo, kitinda mimba wa babu, aliyekuwa utingo wa baba katika safari ile. Yeye alivunjika mguu, akapona. Lakini kila alipoulizwa alijibu, "Sikumbuki. Nalikuwa nimelala."

Mwaka 2018 Baba Mdogo alibahatika katika ile bahati nasibu ya viza za Marekani, akaenda kukaa katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky. Alianza kwa kupakia mizigo ghalani, akasoma, akapata leseni, na leo ni dereva wa trela. Alikuwa akituletea fedha kila mwezi bila kukosa, nasi tukamshukuru, ila Mama hakupenda kuzungumza naye sana. Hata mwanzoni mwa mwaka 2025 akanipelekea tikiti ya ndege, akasema, "Njoo uone kazi yangu. Kuna maonyesho makubwa ya malori hapa mjini mwezi wa Machi." Mwalimu Mkuu aliniruhusu kukosa masomo majuma mawili, kwa sharti kwamba nikirudi niandike habari katika gazeti hili. Basi leo nalipa deni langu.

Nilipanda ndege Entebbe usiku, nikabadili Brussels, na tena Chicago. Uwanja wa ndege wa Louisville una jina la Muhammad Ali, yule bingwa wa ngumi aliyezaliwa katika mji huo mwaka 1942, akaja kupigana Kinshasa mwaka 1974. Baba Mdogo alinipokea kwa kunikumbatia, tukaingia katika motokaa yake. Jambo lililonishangaza kwanza lilikuwa Kiswahili. Tulipoingia dukani kununua unga niliwasikia mama wawili wakibishana bei kwa Kiswahili cha Kongo, kana kwamba tuko Bukavu. Wakongo wengi waliokimbia vita wamepewa makao katika mji ule, na Baba Mdogo aliniambia kwamba baadhi ya vijana wao ni madereva kama yeye.

Maonyesho yalianza Alhamisi, tarehe 27 Machi. Huitwa Mid-America Trucking Show, na yalifanyika mara ya kwanza mwaka 1972. Tangu wakati ule hufanyika kila mwaka, ila mwaka 2020 na 2021 yalizuiwa na ugonjwa wa korona, ugonjwa ule ule uliofunga shule zetu Uganda, kabisa au kwa sehemu, tangu Machi 2020 mpaka Januari 2022, na kunifanya niwe na miaka 19 katika darasa ambalo kaka zetu walilifikia na miaka 17. Jumba lenyewe, Kentucky Exposition Center, li karibu mno na uwanja wa ndege, na nafasi yake ya ndani inapita futi za mraba milioni moja. Nilipiga hesabu nikaona kwamba viwanja 13 vya mpira vingeenea humo chini ya paa. Tulitembea tangu asubuhi mpaka miguu ikauma, na bado hatukumaliza.

Palikuwa na watu wa kila namna. Niliona wazee wenye ndevu nyeupe na kofia pana, wake kwa waume, na watoto wamebebwa mabegani mwa baba zao wapate kuona. Kila kampuni ilikuwa na kibanda chake: huku wanauza tairi, kule mafuta ya injini, hapa viti, pale taa, kamba za kufungia mizigo, na bima. Nilipewa kalamu nyingi hata mifuko yangu ikajaa.

Nilidhani kwamba malori ya Marekani hubeba mizigo mizito kuliko yetu. Sivyo. Kwa kawaida, katika barabara kuu za huko, lori pamoja na mzigo wake lisizidi ratili 80,000, ndiyo tani 36 na kidogo, nalo huwa na tairi 18. Trela zetu zina tairi 22, na sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu gari lenye ekseli za kutosha kufika tani 56. Basi sisi tulio na barabara nyembamba na milima mirefu ndio tunaobeba zaidi.

Tena malori yao mengi yana pua ndefu, lakini yetu yana uso bapa. Niliuliza sababu. Zamani sheria za majimbo mengi zilipima urefu wa gari zima tangu mbele mpaka nyuma, na kwa hiyo watu walipenda kichwa kifupi ili trela iwe ndefu. Mwaka 1982 sheria ya nchi nzima ikaondoa kipimo hicho katika barabara kuu, ikawa trela peke yake ndiyo inayopimwa. Basi pua zikarudi. Ulaya bado hupima gari zima, na malori mengi ya kwetu yanafuata umbo la Ulaya. Nilifurahi kujua kwamba hata uso wa lori una sheria nyuma yake.

Niliingia katika kichwa cha lori moja nikaona kitanda, kabati, jokofu na taa ya kusomea. Nikakumbuka baba alivyokuwa akilala ameegemea usukani. Baba Mdogo akanieleza kwamba dereva wa mizigo huko haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 11, na kabla ya hapo lazima awe amepumzika saa 10 mfululizo. Tangu Desemba 2017 malori mengi yanatakiwa kuwa na chombo kinachoandika chenyewe saa ambazo gari limekwenda, hata dereva asiweze kudanganya, wala tajiri wake asiweze kumlazimisha kwa urahisi. "Sisi na baba yako," akasema, "tuliwahi kutoka Mombasa mpaka Malaba tukilala saa tatu tu." Kisha akanyamaza.

Palikuwa na meza nyingi za kampuni zinazotafuta madereva. Bibi mmoja mchangamfu alinipa kofia, akaniuliza kama napenda kazi hii, kisha akaniuliza umri wangu. Nikamwambia miaka 19. Akacheka kwa upole, akasema, "Rudi ukiwa na miaka 21." Sheria yao ni kwamba mwenye miaka 18 aweza kuendesha lori kubwa ndani ya jimbo lake, lakini kwa kawaida asivuke mpaka wa jimbo na mzigo kabla ya kutimiza miaka 21. Nilimtazama Baba Mdogo ili tucheke pamoja, lakini yeye hakucheka. Alisema polepole, "Miaka 19. Kwetu miaka 19 unapewa lori zima."

Sasa nafika katika jambo lililonifanya niandike. Alasiri tulikuta kibanda kimoja chenye injini iliyokatwa katikati, sehemu zake za ndani zikaonekana, na kando yake gurudumu lililokatwa vivyo hivyo. Mzee mmoja fundi alikuwa akiwafundisha watu. Alieleza kwanza habari ya breki za upepo. Watu wengi hudhani kwamba upepo ukitoroka lori hukimbia. Fundi alisema kwamba ndani ya breki za nyuma mna springi yenye nguvu sana, na kazi ya upepo ni kuizuia springi ile. Upepo ukipungua mno, springi hujifungua yenyewe na kukamata gurudumu. Basi upepo ukiisha, lori husimama.

"Ni nini basi kinachoua watu mteremkoni?" akauliza. Akajibu mwenyewe: ni moto. Dereva akikanyaga breki muda mrefu, dramu hupata moto, ikipata moto hupanuka, ikipanuka huenda mbali na breki shu zinazoikamata, na laini zenyewe hupoteza mshiko. Ikiwa breki zilikuwa zimelegea tangu mwanzo, kile chuma kinachozisukuma hufika mwisho wa safari yake kabla hazijakamata. Hapo hata springi haifai kitu.

Kisha akatusimulia habari za Clessie Cummins, mtengenezaji wa injini za dizeli. Mwaka 1931 Cummins alikuwa akivuka Marekani kwa lori ili aonyeshe jinsi dizeli isivyokula mafuta mengi. Walipokuwa wakiteremka mlima wa Cajon, huko California, breki zilikataa. Chini mbele yao gari la moshi la mizigo lilikuwa likikata barabara, na wao hawana njia ya kusimama. Behewa la mwisho lilipita, nao wakapita nyuma yake salama, lakini kwa nafasi ndogo sana. Cummins hakuisahau siku ile. Miaka mingi baadaye alibuni breki inayotumia injini yenyewe, ikaanza kuuzwa mwaka 1961. Inafungua vali za kutolea moshi wakati pistoni imekwisha kusukuma hewa juu, ile hewa iliyobanwa ikatoka bila kuirudisha pistoni kwa nguvu. Basi injini, badala ya kulisukuma lori, huwa mzigo wa kulizuia.

"Lakini," akasema fundi akiinua kidole, "chombo hiki hufanya kazi ikiwa gia imeingia tu."

Niliinua mkono kama tulivyozoea darasani, nikauliza, "Na dereva akitoa gia?"

Fundi alinitazama, akasema, "Akitoa gia, kijana, injini haimsaidii tena. Zimebaki dramu peke yake, na dramu ni za moto."

Nilipogeuka Baba Mdogo hakuwapo.

Nilimtafuta muda mrefu nikamwona nje, katika uwanja wa malori ya mashindano ya uzuri. Mashindano haya hufanyika kila mwaka pamoja na maonyesho, na wenye malori huyang'arisha siku kadhaa, wengine wamelala chini ya gari na kitambaa mkononi wakifuta hata mahali pasipoonekana. Jua lilikuwa likishuka, na taa za Peterbilt na Kenworth zilikuwa zimewashwa, nyekundu, buluu na za rangi ya machungwa, mamia kwa mamia. Baba Mdogo alikuwa amesimama mbele ya lori moja jeupe, nami nikaona kwamba analia.

Akaniambia, "Sikuwa nimelala."

Nikangoja. Akasema, "Baba yako alitoa gia. Ni kweli. Sote tulikuwa tukitoa. Tajiri alitupimia mafuta yasiyotosha, na yakipungua alikata mshahara. Tukiteremka fri tulifika, na lita chache zilizobaki tuliziuza. Basi tajiri hakusema uongo. Lakini mama yako naye hakusema uongo. Breki zilikuwa zimelegea, na kuzikaza ilikuwa kazi yangu mimi utingo. Asubuhi ile tulipokuwa Eldoret baba yako alinipa spana, akaniambia, 'Kaza zote.' Mvua ilikuwa inanyesha. Nilikaza za kichwa. Za trela sikukaza, kwa sababu ya tope. Nikapanda nikamwambia, 'Nimemaliza, kaka.' Naye aliniamini."

Wenzangu, sikujua la kusema. Nilikuwa nimeishi miaka tisa nikitaka kujua ni nani aliyesema kweli, na sasa nilipewa kweli mbili pamoja na ya tatu ambayo sikuitaka. Nilimkasirikia. Nilimwona amevaa koti zuri, katikati ya taa zile, na baba yangu amelala Tororo. Kisha nikakumbuka yule bibi wa kofia, nikamwuliza, "Ulikuwa na miaka mingapi?"

Akajibu, "Kama wewe."

Tulirudi nyumbani bila kusema neno. Siku mbili zilizofuata tulikwenda tena kwenye maonyesho, kwa kuwa hatukujua kukaa pamoja nyumbani kimya. Siku ya Jumapili, baada ya ibada, nilimwambia, "Baba Mdogo, mimi sitamweleza Mama habari hii. Ni wewe utakayemweleza." Akashika simu, akaiweka, akaishika tena. Mwisho akampigia. Alimwamkia, kisha akamweleza yote, tangu spana mpaka tope, nami nilikaa karibu naye nikasikia.

Mama alikaa kimya muda mrefu hata nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Miaka tisa nimeingoja simu hii." Akamwambia kwamba habari ya gia aliijua siku zote. Fedha za mafuta yale ndizo zilizokuwa zikilipa karo yangu ya shule ya msingi, na baba alikuwa akizitoa soksini na kumpa yeye. Aliwakatalia watu mbele za hadhara ili mtoto wake asije akasoma akijua bei ya kusoma kwake. Juu ya breki alisema neno moja tu: "Ulikuwa mtoto. Aliyempa mtoto kazi ile naye ataulizwa." Akamwuliza kama mguu bado unamsumbua wakati wa baridi. Baba Mdogo hakuweza kujibu, nikajibu mimi.

Nimerudi shuleni. Mwalimu wetu wa Fizikia alipofundisha juu ya nguvu na joto nilipiga hesabu moja katika daftari langu. Lori la tani 50 likishuka meta 100 kwenda chini, hupoteza jouli milioni 49, nazo lazima ziende mahali fulani. Zingeweza kuchemsha lita 145 hivi za maji yaliyokuwa na joto la digrii 20. Gia ikiwapo, injini hubeba sehemu ya mzigo huo. Gia ikitolewa, karibu zote huingia katika dramu. Nimeamua kusoma uhandisi, Mungu akipenda, na hesabu ile sitaifuta.

Kwa ninyi wanafunzi wenzangu nina neno dogo: mkiulizwa kama kazi imekwisha, na haijaisha, semeni haijaisha, hata kama mvua inanyesha na mkubwa wenu ana haraka. Na kwenu ninyi mliopita zamani katika shule hii, ambao najua kwamba baadhi yenu mna malori barabarani leo, nawaomba kwa heshima: mpimieni dereva mafuta yanayotosha, na kazi ya breki mpeni fundi. Mkifanya hivyo dereva hatakuwa na sababu ya kutoa gia, wala utingo wa miaka 19 hatakuwa na jambo la kuficha miaka tisa.

Hapa naweka kalamu chini. Kofia niliyopewa Louisville nimempa mdogo wangu.